Mwalimu Gisiri na Uongo Mmoja wa Kila Jumatatu

Na Emmaculate Akelo, Idara ya Kiswahili

Baada ya miaka ishirini na mitatu katika shule yetu ya sekondari hapa Kisegi, Mwalimu Elkanah Gisiri anastaafu rasmi tarehe 30 Novemba 1999. Alikuja mwaka wa 1976 kufundisha Kiswahili na Historia, akiwa na sanduku la bati, redio ya mkononi na baiskeli isiyo na breki. Anaondoka na sanduku na redio. Baiskeli ilibaki mtoni zamani na hapendi kuulizwa habari zake. Sisi tunaobaki tumejiandaa vizuri kwa kuondoka kwake, na shule itaendelea kama kawaida.

Mwalimu ni mzaliwa wa Ntimaru, karibu kabisa na Tanzania, na wanafunzi wake wa kwanza walidai kwamba Kiswahili chake kilivuka mpaka bila kukaguliwa. Huku kwetu, ambako mtoto hupiga gumzo kwa Dholuo hadi kengele inapolia, yeye alizungumza Kiswahili sanifu na kila mtu, wakiwemo mbuzi waliovamia bustani ya shule. Dholuo alikijua mapema sana. Alikificha miaka kadhaa ili asikie tunavyomsema, na alisikia mengi.

Hata hivyo, kwa wengi wetu jina lake haliachani na televisheni. Mwaka wa 1992 wanafunzi walikuwa wametoboa ua wa shule ili waende kwenye kibanda cha video cha Bwana Mohamednur, mwenye duka pale sokoni. Walimu tuliadhibu na kuziba, nao wakatoboa kwingine. Mwalimu Gisiri akashikilia kwamba picha zimekuja na hazitarudi zilikotoka, kwa hivyo heri watoto wazitazame mwalimu akiwa kando yao. Aliwasemesha wazazi hadi wakachanga, ikapatikana televisheni ndogo ya kutumia betri ya gari, ikawekwa bwaloni. Betri yenyewe ilichajiwa kwa jenereta ya Mohamednur, yule yule tuliyekuwa tukimnyang'anya wateja. Kila ilipozima katikati ya taarifa ya habari, bwalo zima lilimlaumu yeye.

Antena haikuguswa na mtu mwingine ila Mwalimu. Alisimama nje akizungusha mti wake na kuuliza kama picha imekuja, nasi tukamjibu kwa pamoja kwamba bado. Chenga zilipoisha na yeye akafika mlangoni, msomaji wa habari alikuwa akituaga. Mtu aliyepigania televisheni kuliko wote ndiye aliyeitazama kidogo kuliko wote.

Mwaka uliofuata mambo yalimharibikia. Kulikuwa na kanda ya video ya tamthilia iliyokuwa ikitahiniwa, iliyoigizwa na kikundi kimoja cha kuzunguka. Mohamednur akatuletea deki na jenereta, Kidato cha Nne wakatazama, wakapiga makofi. Kumbe waigizaji, kwa kutaka kuwafurahisha watazamaji, walikuwa wamebadilisha mwisho. Kitabuni mjane ananyang'anywa shamba na kuondoka na watoto wake. Katika kanda anashinda kesi na kucheza ngoma nje ya korti. Mtihani wa majaribio ulipofika, karibu darasa zima lilimchezesha mjane ngoma. Msichana mmoja kutoka kisiwa cha Takawiri, Jedidah, aliandika kwa ufasaha kuliko wote na hata kueleza rangi ya leso aliyojifunga. Akapata sufuri safi.

Baba yake, Mzee Paul, alikuwa katika halmashauri ya shule. Alivuka ziwa siku ya mkutano akiwa amekasirika, na maneno yake tunayakumbuka: "Mwalimu, mtoto yangu anajua TV kuliko kitabu. Hiyo kitu iuzwe, na wewe ukitaka uifuate." Wengi waliitikia. Mwalimu hakujitetea. Aliomba apewe muda hadi mtihani wa kitaifa. Kama watoto wangeanguka, angeibeba televisheni hadi sokoni kwa mikono yake, kisha aombe uhamisho. Halmashauri ikakubali. Nakiri kwamba nilianza kumwonea huruma, kwa sababu zilikuwa zimebaki wiki chache tu.

Jumamosi iliyofuata alifanya jambo lililotufanya tudhani amechanganyikiwa. Aliwaonyesha kanda ile ile. Safari hii kila mwanafunzi alikuwa na kitabu mkononi, na yeyote aliyeona picha imekiacha kitabu alikiinua juu, na Mwalimu akasimamisha deki hadi mmoja wao asome kifungu chenyewe kwa sauti. Kanda iliyotazamwa alasiri moja ikatula Jumamosi mbili. Mohamednur alifunga kibanda chake akaja kukaa nyuma ya bwalo, na mwishowe akawa na yeye ananyoosha mkono. Wateja wake walinung'unika sokoni wiki nzima. Mara ya pili, Jedidah ndiye aliyeinua kitabu mjane alipotokea na leso.

Hapo ndipo ulipozaliwa mtindo unaojulikana na kila aliyepita shuleni hapa. Kila Jumatatu Mwalimu alibandika ukutani aya moja kuhusu kipindi kilichotazamwa Jumamosi, na ndani yake alipenyeza sentensi moja ya uongo. Aliyeikamata na kueleza amejuaje alikaa kiti cha mbele kabisa Jumamosi iliyofuata. Watoto walitazama kwa makini, wakasoma magazeti, wakafungua atlasi, wakabishana njiani kwenda kuteka maji. Ua haukutobolewa tena, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukosa aya ya Jumatatu. Baadhi ya walimu pia tulisimama pale ukutani tukijifanya tunasubiri kengele.

Matokeo ya kitaifa yalipotoka, Kiswahili kilikuwa kimefanywa vizuri kuliko mwaka wowote wa shule hii, na Jedidah aliongoza. Mzee Paul alikuja na samaki aina ya mbuta, mkubwa ajabu, mabegani, akampita mwalimu mkuu bila kumsalimu, akaenda moja kwa moja bwaloni na kuketi mbele ya televisheni. Akasema, "Haya Mwalimu, nionyeshe hiyo sinema ya uongo." Alionyeshwa. Alicheka mjane alipocheza, kisha akasema kwamba kwa kweli yeye angependa mama yule ashinde. Uhamisho haukutajwa tena. Jedidah leo ni mwalimu wa shule ya msingi kule Takawiri, na huwafanyia wanafunzi wake mchezo huo huo kwa vipindi vya redio.

Mwaka huu wageni walituletea habari za intaneti, kwamba siku moja itafika hata huku. Chumba cha walimu kiligawanyika, wengine wakiona elimu imekombolewa na wengine wakiona imezikwa. Mwalimu Gisiri aliuliza swali moja tu, kama ndani yake kuna uongo. Aliambiwa upo mwingi mno. Akasema basi wanafunzi wetu wataiweza, maana kazi yenyewe wameizoea. Akaendelea kunywa chai.

Mwalimu, asante kwa Kiswahili, kwa antena, na kwa kutuamini sisi na watoto wetu mbele ya kioo kile wakati wengine walikuwa wakitafuta nyundo. Ukaone mahindi yako Ntimaru yakikomaa, Mungu akupe afya na wajukuu wanaouliza maswali, na jioni redio ishike vizuri bila wewe kusimama nje.

Na ingawa leo si Jumatatu, hatukuweza kuacha desturi yako: katika wasifu huu kuna sentensi moja ya uongo. Usihangaike na kalamu nyekundu. Iko katika aya ya kwanza kabisa, pale nilipoandika kwamba tumejiandaa.