Mpaka Mwisho wa Njia

Basi lilipopita kituo chake, fundi cherehani hakuinuka. Alikuwa ameshavua viatu na kuzima simu. "Mwanangu, si ulisema unashuka pale?" akashtuka mama wa kiti cha dirishani, kapu zito mapajani. "Kila jioni nafika mwisho wa njia, mama, kisha narudi nalo. Nyumbani nikikaa tu, kila mtu anakumbuka ana njaa."

"Na watoto, nani anawapikia?" "Baba yao. Ana mikono miwili, nimehakikisha." "Mke wa mtu kujipumzisha barabarani, huoni haya?" "Haya niliimaliza ujanani. Hebu na wewe weka hilo kapu chini, basi litalibeba bure." Mama akalikumbatia zaidi.

Basi likasimama. Mama akateremka na kapu lake, akiguna. Fundi akahamia dirishani, akanyoosha miguu.