Darubini Inayovuta Mara Ishirini na Nne

"Nimeibiwa mchana kweupe, dada!" mwindaji alimfokea fundi wa miwani aliyeketi mbele yake kwenye treni, kana kwamba ndiye aliyemuuzia. Akatoa mkobani darubini ya bunduki, nene kama mchi. "Eti inavuta mara ishirini na nne! Jana magharibi nguruwe pori wamevamia mahindi yetu, nachungulia, giza tupu. Nikaona kitu cheusi kimeinama. Nilishaweka kidole kwenye triga, mara kile kitu kikakohoa. Mama mkwe!"

Fundi akashika kifua. "Uliijaribia wapi?"

"Mlangoni pa duka, saa sita mchana."

"Kaka, taa nayo hujaribiwa juani? Ukivuta sana, mwanga unapungua. Zungusha hapa, irudishe kwenye sita, jioni utamwona mama mpaka kilemba chake."

"Ninunue ishirini na nne, nitumie sita? Mimi mjinga?"

Swali hilo lilikuwa na jibu, lakini fundi alilimeza. "Na leo jioni nani analinda shamba?"

"Mimi, nani mwingine?"

Treni ikasimama. Mwindaji akashuka amevimba kwa hasira, na fundi akajikuta dirishani akipiga kelele: "Basi mwambie mama asitoke!"