Manase Nyabenda, Fundi Aliyeonyesha Kosa Lake Hadharani

Padri wetu, wazee wa Buraza, ndugu zetu mliofunga safari kutoka Muyinga na Gashoho, nanyi nyote mliofika kumsindikiza Manase, asanteni. Mimi ni Josefina, dada yake mkubwa. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, na imenionya nisijisifu mno. Nitajaribu, lakini siahidi. Huyu nilimbeba mgongoni, na leo sioni kwa nini nifiche fahari niliyo nayo.

Manase Nyabenda alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, nchini Tanzania. Alikuwa mtoto wa nne wa marehemu baba yetu Ignasi na mama yetu Veneranda, wakulima wa hapa Buraza walioikimbia Burundi mwaka 1972. Tangu mdogo mikono yake haikutulia. Aliwahi kuifungua baiskeli ya baba siku moja kabla ya soko, akaifunga tena vizuri, isipokuwa alibaki na nati ambazo hakujua zimetoka wapi. Baba alikwenda sokoni kwa miguu, na jioni hiyo Manase hakuhitaji kuulizwa kwa nini halali chali.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Mishamo, akamaliza mwaka 1994. Nafasi ya sekondari haikupatikana, basi baba akampeleka mjini Mpanda kwa fundi wa pikipiki aliyeitwa Simoni. Fundi Simoni alikuwa hodari, Mungu amrehemu, lakini mchoyo wa ujuzi. Kazi ilipofika mahali pagumu alimtuma Manase dukani kununua sigara, na aliporudi alikuta injini imeshafungwa. Manase alijifunza kwa kukimbia haraka dukani na kurudi. Miaka mingi baadaye alituambia kwamba kilichomuuma si mbio, bali kuona mtu mzima anaogopa kuonwa akifanya kazi.

Familia ilirudi Burundi mwaka 2009. Mwaka 2011 Manase alifungua garaji yake Gitega, karibu na Mushasha, na walimu na mapadri wakawa wateja wake wa kwanza. Tarehe 21 Julai 2012 alifunga ndoa na Gaudensia katika kanisa la Mushasha. Asubuhi ya harusi tulimsugua mikono kwa sabuni ya unga na sukari mpaka akalalamika, na bado picha ya pete inaonyesha oili kwenye kucha. Gaudensia aliitundika ukutani hivyohivyo. Mungu aliwajalia watoto watatu, Fredi, Odeta na Klaveri.

Mwaka 2019 alifungua karakana ya pili Muyinga, pembeni ya duka la vipuri la mzee Houssein. Alikuwa akienda huko kila wiki kufundisha vijana, mpaka petroli ilipoanza kuadimika nchini. Fundi wa pikipiki akakosa mafuta ya kuwasha pikipiki yake mwenyewe! Tulimcheka sana. Yeye alinunua simu nzuri, akaunda kundi la WhatsApp na kuwaingiza mafundi wanafunzi wote wa Gitega, Muyinga, Gashoho na hapa Buraza. Alirekodi video za mikono yake tu ikifungua na kufunga, polepole, na pale pagumu aliparudia. Mwanafunzi akikwama alimwambia aache maelezo marefu, aweke simu karibu na injini, atume sauti yake. Gaudensia atawaambia jinsi walivyokula chakula cha jioni wakisikiliza pikipiki za watu zikikohoa.

Kundi lilikuwa na sheria moja, kwamba ukiharibu, unatuma picha ya ulichoharibu siku hiyohiyo, na hakuna wa kucheka.

Mwaka 2024 sheria hiyo iliingia majaribuni. Layla, binti wa mzee Houssein na mwanafunzi bora wa Muyinga, alibadilisha cheni ya pikipiki ya teksi akasahau klipu inayoifunga. Cheni ilianguka katikati ya soko la Gashoho, na mama aliyekuwa amepakiwa akaketi chini pamoja na nyanya zake. Hakuumia, Mungu mkubwa. Layla alitii sheria, akatuma picha na sauti yake akieleza kosa. Shafii, mwanafunzi wa Gitega, akaichukua ile sauti, akaitia muziki na vicheko, akaiweka TikTok. Baada ya siku chache madereva walimwita Layla Bi Cheni kila alikopita. Akafunga sanduku lake la spana, akamwambia baba yake kwamba atauza vipuri, ufundi basi.

Wengi walimshauri Manase amfukuze Shafii na kulivunja kundi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikaa mbele ya garaji yake, uso wazi na jina lake likisomeka ukutani, akajirekodi. Alieleza kwamba mwaka 2014 hakukaza bolti ya chini ya oili kwenye pikipiki ya mwalimu mmoja, oili ikamwagika yote, injini ikanoki njiani, na kosa lilikuwa lake peke yake. Akaonyesha bolti yenyewe na namna ya kuikaza. Kisha akaiweka video hiyo hadharani, ionwe na yeyote.

Wengine tulidhani amechanganyikiwa. Ilikuwa sawa na kuwaambia wateja wamkimbie, na kweli kwa wiki kadhaa walipungua, huku fundi mmoja jirani akiisambaza video hiyo kwa furaha kubwa. Mzee Houssein alipiga simu, na Gaudensia aliyasikia mazungumzo.

"We Manase, uko na akili kweli?" mzee aliuliza. "Makliya yako itakimbia yote."

"Wakikimbia watarudi siku pikipiki zikiharibika," Manase alijibu. "Layla akikimbia harudi."

Shafii aliitazama ile video, akaifuta yake bila kuambiwa. Layla naye alituma sauti kundini: "Fundi, mi nitarudi. Lakini Shafii aniombe pardon mbele ya wote, sababu alinicheka mbele ya wote." Shafii aliomba msamaha kundini, kisha akaomba tena TikTok, na humo akaeleza kosa lake mwenyewe la breki. Layla akafungua sanduku lake. Wateja nao walirudi, na zaidi. Dereva mmoja wa teksi alimwambia Gaudensia kwamba fundi mwenye anasemaka mwenyewe fasi aliharibu, yaani mahali alipokosea, huyo mtu anaweza kumwachia pikipiki na kwenda kulala. Leo Layla anaongoza karakana ya Muyinga, na Shafii ndiye mkono wa kuume wa garaji ya Gitega. Wako hapa mbele yenu, wamekaa benchi moja.

Katikati ya mwaka 2025 Manase alianza kuumwa tumbo. Alidhani ni vidonda, akanywa maziwa na kuendelea na kazi. Mwezi Oktoba madaktari wa Bujumbura waligundua saratani, na ilikuwa imeshafika mbali. Tuliumia sana, na bado tunaumia. Yeye aliendelea kufundisha akiwa kitandani, mpaka Gaudensia akawa anaificha simu kwenye debe la unga ili apumzike.

Jumapili tarehe 8 Machi 2026 aliomba simu yake. Akamfanya Layla msimamizi wa kundi, kisha akajitoa. Watu walishtuka wakadhani amekasirika. Layla akapiga simu analia.

"Sijakasirika," Manase alimwambia. "Nikiwa humo mtaniuliza mimi. Sasa ulizaneni."

Jioni hiyo mwanafunzi wa Buraza alituma sauti ya injini inayogonga. Safari hii Layla ndiye aliyejibu. Gaudensia, ambaye naye alikuwa kundini, alimsikilizisha Manase kwenye simu yake mwenyewe. Manase akasema Layla amekosea kidogo, na akatukataza kumwambia. Tukangoja naye. Kisha Shafii akaingia, akarekebisha kwa adabu, na Layla akashukuru. Manase alifumba macho akitabasamu, akaomba maji.

Alifariki nyumbani kwake Gitega, Jumatano tarehe 11 Machi 2026, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Ameacha mama yetu Veneranda, mjane wake Gaudensia, watoto wao Fredi, Odeta na Klaveri, sisi nduguze, na mafundi wake walioko kila mahali pikipiki inapopita. Mungu ampokee mdogo wangu na ampumzishe kwa amani. Huku nyuma wanaulizana, na wanajibiana vizuri.