Mdogo Aanze: Maisha ya Kitindamimba Wetu

Ndugu, majirani, na nyinyi mliotoka wizarani na tai zenu, poleni na msiba. Mimi ni dada mkubwa wa marehemu, mtoto wa kwanza wa baba yetu, na yeye ndiye aliyetufungia mlango. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu. Mjukuu ndiye aliyeyapiga chapa, hivyo kosa la tarehe ni langu na kosa la herufi ni lake.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1950, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu, aliyekuwa fundi viatu. Alikuwa mtoto wa tano. Alizaliwa mdogo kiasi cha kutosha kwenye kiganja, na mkunga akamwambia mama asimzoee haraka. Mama alimzoea hapohapo. Tulimwita Kitinda, na kwetu alibaki Kitinda hata alipokuwa mtu wa kupigiwa saluti getini.

Baba alikuwa na utaratibu wake. Likija jambo la nyumba alituketisha sebuleni wote, yeye akikaa kwenye kigoda chake cha kazi, kisha anasema, "Mdogo aanze." Hapo mkubwa alikuwa haruhusiwi hata kukohoa mpaka zamu yake ifike. Baba alisema mkubwa akishasema, wadogo hubaki kuitikia, na mtu anayesikia mwangwi wake mwenyewe hudhani ana watu.

Mwaka 1956 jambo la nyumba lilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na ilionekana shule inanitosha, nibaki nimsaidie mama, kaka zangu wasonge mbele. Baba akasema mdogo aanze. Kitinda, miaka sita, kamasi puani, akasema, "Dada akiacha shule, mimi atanisomea nani?" Kaka zetu wakaangua kicheko. Baba hakucheka. Nilimaliza shule ya msingi, na haya mnayoyasikia leo yasingeandikika bila ulimi wa yule mtoto.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1957, kisha sekondari ya bweni, akamaliza kidato cha sita mwaka 1970. Barua zake za bwenini zilikuwa na mambo mawili tu: sabuni imekwisha, na hesabu inamtesa. Baadaye alisomea utawala wa umma kwa masomo ya jioni akiwa tayari kazini, akatunukiwa shahada yake mwaka 1979.

Aliajiriwa wizara ya afya mwezi Februari 1971, karani wa masjala, kile chumba cha majalada kisicho na dirisha ambako watu hupiga chafya mpaka wanastaafu. Yeye hakuchelewa humo. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine: afisa utawala, mkuu wa idara mwaka 1986, naibu katibu mkuu mwaka 1990. Kila alipopewa kiti cha kuongoza kikao, aliwaambia watu maneno ya baba, mdogo aanze. Aliyeajiriwa juzi ndiye aliyesema kwanza, yeye mwenyewe mwisho. Ofisi nzima ikampa jina hilo. Wako waliomcheka, wakisema wizara imegeuka chekechea.

Mwaka 1991 utaratibu huo ulimfikisha pabaya. Waziri wa wakati huo alitaka kufunga vyuo vitatu vya wauguzi ili wizara ijenge jengo jipya la makao makuu. Siku ya kikao, kabla hajaingia, katibu muhtasi wake alimshika mkono wa koti.

"Bosi, leo usianze na wadogo. Leo watatumaliza."

"Wewe ni mdogo kwangu, na umeshaanza. Nimekusikia."

"Kwa hiyo umeamua?"

"Nimeamua kuendelea."

Basi katika kikao kile binti mmoja, mgeni kazini, aliulizwa maoni yake akasema, "Mheshimiwa, mimi sijaelewa. Tukishafunga vyuo, hao wagonjwa watauguzwa na jengo?" Nimeambiwa waziri aliweka kalamu chini. Waziri akauliza ni nani aliyemfundisha mtoto huyu kusema namna hiyo. Kitinda akasema, "Ni mimi, mheshimiwa."

Binti alibaki kazini. Kitinda alipewa chumba cha mwisho kwenye korido, pembeni ya stoo ya viti vibovu, bila simu wala kazi. Alikwenda kila siku, tai shingoni. Nilimtembelea humo, roho ikaniuma, nikamuuliza, "Kitinda, sasa hapa unamwongoza nani?"

"Viti, dada. Na kile cha miguu mitatu ndicho kinaanza."

Alikaa humo miaka mitatu. Vyuo viwili vilifungwa, kimoja kikapona. Mwaka 1994 akaja waziri mwingine, akamwita awe katibu mkuu. Alikubali kwa sharti moja, nanyi mnalijua. Alishika kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2010, na vile vyuo viwili vilifunguliwa tena mikononi mwake.

Alifunga ndoa tarehe 2 Desemba 1978 na mpiga chapa wa wizara hiyohiyo. Siku tulipokwenda kuposa, wazee wameshasafisha koo, akaomba mdogo wa upande wa bibi harusi aanze. Shemeji yetu mdogo akasema, "Anakujaga kila siku na koti lilelile." Shangazi yao alitaka kuzama chini ya ardhi. Kitinda akajibu kwamba ni kweli, analo moja. Walijaliwa watoto wanne. Mnaoshangaa kwa nini nyumba yao ina rangi ya zambarau, ni kwamba siku ya kuchagua rangi kitindamimba wao alikuwa na miaka mitano. Mawifi na mashemeji tulisema sana. Rangi haikubadilishwa.

Mwezi Mei mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Serikali, na tunaishukuru, ilijitolea kumpeleka nje kwa upasuaji. Watoto wakagawanyika. Mkubwa, mhandisi, alitaka baba yake apande ndege kesho yake. Wa pili alikataa. Mama yao alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa. Daktari bingwa alikuwa anasubiri jibu, na sote tulijua kwamba jibu hilo ndilo litakaloamua Kitinda atamalizia wapi siku zake.

Kitinda akainua kidole kitandani. "Mdogo aanze."

Tukatazamana. Wajukuu hawakuruhusiwa wodini. Mdogo kuliko wote chumbani alikuwa daktari kijana wa mafunzo, amesimama mlangoni na bahasha ya picha.

"Huyu bado anajifunza, mzee," bingwa akasema.

"Ndiyo maana."

Kijana alimwangalia mkubwa wake, akamwangalia mgonjwa. "Mzee, safari itakuongezea maumivu, siku haitakuongezea. Ungekuwa baba yangu, ningekurudisha nyumbani."

Bingwa akasema, "Hata mimi naona hivyo tangu wiki iliyopita. Nilikosa pa kuanzia." Mhandisi alitoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Haya baba, twende nyumbani."

Alirudi kwenye zambarau yake mwezi Juni. Alikaa barazani, aliwasikiliza wajukuu kwa zamu, mdogo mbele. Alifariki dunia Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024, asubuhi, mkewe akimfungulia dirisha.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na dada mmoja.

Tangu asubuhi mmeona tulivyofuata utaratibu wake. Mjukuu wa miaka minne alisema kwanza, wakafuata wakubwa wake, watoto, mjane, na mimi wa kwanza kuzaliwa ndiye ninayefunga. Kwa umri, safari hii ilikuwa zamu yangu. Nilikwishajiandaa, hata kanga nilikuwa nimechagua. Lakini nyumba yetu inajulikana, na mdogo ameanza.

Lala salama, Kitinda. Umesema, tumesikia. Sisi wakubwa tunakuja kwa zamu zetu.