Kitambulisho Chenye Kona Iliyoliwa na Mchwa

Bwana asifiwe! Hata nyinyi wa pale mlangoni mliokosa viti, Bwana asifiwe sana! Naitwa Joel, mtoto wa kutoka kule Ndanai. Nimesimama kumshukuru Mungu, na kumsifu mama mmoja ambaye Mungu alimtuma kwetu na lori tupu.

Ndugu zangu, leo mnaniona na tai. Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa nyapara kule Soin, katika nasari kubwa ya miche na nyasi. Zile nyasi laini mnazoziona mbele ya mahoteli na nyumba za mameneja wa majani chai, sisi ndio tulizikuza. Zinakatwa vipande pamoja na udongo wake, zinapakiwa kwa lori, zinaenda kutandikwa Kericho. Watu wanapita wanasema, "Tazama vile kumependeza!" Hakuna anayeuliza zilikatwa na nani.

Zilikatwa na watu walionyang'anywa vitambulisho. Bosi alikuja sokoni kwetu akasema kuna kazi nzuri, leteni vitambulisho niandikishe majina. Tukampa sote, hata mimi. Akavifungia katika kasha la mbao ofisini, na havikurudi. Na mnakumbuka miaka ile! Askari walikuwa barabarani kila mahali, na mtu bila kitambulisho alikuwa mali ya selo. Bosi hakuhitaji kujenga ukuta. Lile kasha lilimtosha.

Na ufunguo wa kasha alimpa nani? Mimi! Kwa sababu nilikuwa nimesoma kidogo. Niliuvaa shingoni kwa uzi, nikatembea kifua mbele. Mtu akiomba kitambulisho chake aende nyumbani, nilikuwa na jibu moja: "Kazi ikiisha." Na kazi ya nyasi, ndugu zangu, inaisha lini? Ukizikata zinamea tena.

Kulikuwa na mjane wa upande wa Sigowet, Mama Rispa. Mtoto wake alishikwa na surua. Alinijia mara tatu. "Kijana yangu, nipe tu siku mbili nimuone, nitarudi." Nikamwambia, kazi ikiisha. Mara ya tatu alinitazama tu, akarudi kumwagilia miche. Moyo wangu ulikuwa mgumu, acheni niseme ukweli!

Halafu yakanifika mimi. Muuza maziwa aliniletea habari kwamba mama yangu ni mgonjwa sana kule Ndanai, ananiita kwa jina. Nikakimbia kwa Bosi. Hakuinua hata kichwa kutoka kwa sahani yake. Akasema, "Joel, kazi ikiisha." Maneno yangu mwenyewe! Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, kasha lilikuwa hatua tatu kutoka niliposimama, na nikaogopa kulifungua. Alikuwa ametuapia kwamba atakayechukua kitu mle atamshtaki kwa wizi. Nikaenda nyuma ya choo nikalia. Nikasema, "Mungu, kama unanijua, nitoe hapa nimkute mama yangu hai."

Siku ya pili yake akaja Mama Wambui. Huyu alikuwa na kampuni ya kutengeneza bustani mjini Kericho, mama mfupi wa buti za mvua, ambaye wazazi wake walihamia kutoka Nyeri. Alikuwa na desturi yake. Kabla ya kununua kwa mtu, awe wa nyasi, wa mawe au wa mbolea, anaketi na wafanyakazi wanywe chai, na kila mmoja amwonyeshe kitambulisho kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Bila hivyo hanunui! Wenye nasari walimcheka, wakasema anafanya kazi ya polisi. Bosi alikuwa amesikia habari hizo. Asubuhi akaniambia, "Wagawie. Akienda tu, ukusanye."

Nikagawa. Mama Wambui akawamiminia watu chai kwa mkono wake, akaanza kuangalia. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kisha akainua viwili juu.

"Bosi, kuja uone maajabu. Hii mchwa ya Soin ni ya namna gani? Inaingia mfuko ya kila mtu na kukula kona moja tu?"

Ndugu zangu! Vilikuwa vimelaliana kashani hata mchwa wakatafuna vyote kona ileile, na mimi katika haraka yangu sikuona. Bosi akacheka kicheko cha uongo. "Tunawawekea, mama. Hapa ziko salama."

"Salama kutoka kwa nani?" Akanigeukia mimi. "Na wewe, yako iko wapi?"

Nikatia mkono mfukoni. Hakuna kitu. Nilikuwa nimewagawia watu wote nikaacha changu mle kashani, kwa sababu akilini mwangu sikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa mwenye ufunguo!

Pale Mungu alinifungua macho. Nilimwona Bosi akinikazia jicho, na nikamwona Mama Rispa na kikombe chake. Nikavua ule uzi shingoni. "Iko ndani ya kasha, mama. Zote zimekuwa huko. Na mimi ndio nimekuwa nikiwanyima." Nikaenda, nikafungua, nikatoa changu.

Sikilizeni huyu mama alivyofanya. Kuna hoteli ilikuwa inangoja nyasi hizo kabla ya wageni kufika. Angefumba macho, nani angejua? Akamwambia dereva, "Fungua nyuma. Leo tunabeba watu." Kisha akamgeukia Bosi, "Ukitaka tuongee kwa chifu, njia naijua." Bosi akafyata mkia. Kazi ya hoteli Mama Wambui aliipoteza, na sikumsikia akinung'unika hata siku moja. Lori lililokuja kuchukua nyasi liliondoka limejaa sisi, tukiimba!

Mama yangu nilimkuta hai. Haleluya! Mtoto wa Mama Rispa naye alipona bila mamake kuwa karibu, na jambo hilo nililiombea msamaha. Hakunijibu siku ile. Alinijibu baada ya mwaka, kwa kunitumia kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha. Yule pale benchi la tatu. Leo ana nasari yake, na sisi tunaofanya kazi kwa Mama Wambui ndio tunanunua miche yake.

Kazi yangu kwa Mama Wambui ni kutangulia lori. Naingia nasari, naingia machimbo ya mawe, naketi na watu kunywa chai, na siulizi kitambulisho tu, nauliza jana usiku kililala wapi.

Changu ndicho hiki, na kona yake imeliwa. Aliyenitoa kashani anaweza kukutoa na wewe, mwamini tu. Lakini ndugu zangu, huenda kuna mtu hapa ana msichana wa kazi, au kijana wa ng'ombe, na kitambulisho chake kiko kabatini mwako. Usije mbele bado. Nenda nyumbani ukamrudishie mkononi, kisha mje wawili. Mimi nitawangoja hapa.