Maji ya Nyumbani Kwenu

Kijiwe cha Rufaa kiko barazani kwa Vinubhai, ng'ambo ya barabara inayoingia stendi ya Msamvu, mjini Morogoro. Kinaitwa Rufaa kwa sababu hakuna ubishi uliowahi kwisha pale: kinachoamuliwa jioni, asubuhi kuna mtu amekikatia rufaa. Kina benchi moja refu, ndoo ya kusuuzia vikombe, na Abuu muuza kahawa, ambaye husikiliza kila kitu na hutoa maoni yake kwa birika: akikubaliana nawe kikombe kinajaa, akikukatalia kinaishia nusu. Jumamosi hiyo mabasi yalikuwa yakipiga honi kama siku zote, na milima ya Uluguru ilikuwa imejifunga wingu mpaka kiunoni. Mwalimu Severin alikaa mwisho wa benchi, simu mapajani. Kahawa aliyomiminiwa baada ya adhuhuri ilikuwa imepoa, haijaguswa.

Mtoto alikuwa hajulikani alipo. Jina lake Anastasia, wa darasa la tano, darasa la Severin, akiishi kwa shangazi yake Magreth nyuma ya magereji. Alitoka alfajiri na daftari na kidumu kitupu. Shangazi akadhani amekwenda kuchota maji. Jua lilipopanda bila mtoto kurudi, akauliza kwa jirani, na binti wa jirani akamjibu bila wasiwasi kwamba Anastasia amekwenda kufanya homuweki ya Mwalimu Severin. Magreth alikuwa ameripoti kituo cha polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa, sasa amekaa mlangoni kwake asije mtoto akarudi akakuta kufuli. Severin alikuwa amezunguka mitaa mpaka kandambili ikakatika. Mwenyekiti ndiye aliyemwambia akae pale, mkabala na stendi, maana kila mwenye habari lazima apite.

— Hebu tusomee tena ulivyoandika ubaoni, alisema mzee Salehe.

Salehe, karani mstaafu wa reli, walimwita Kamusi. Alikuwa na methali kwa kila jambo, na mara chache sana alipata ya jambo lenyewe.

Severin hakuhitaji kusoma. Tangu asubuhi maneno hayo yalikuwa yakimpigia kichwani kama mchi kwenye kinu.

— "Maji ya nyumbani kwenu yanatoka wapi? Fuatilia hadi mwanzo wake, kisha eleza safari yake."

— Si umeona, alisema Salehe. Umemwambia afuatilie. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtazameni chini ya kitanda.

— Mzee, mtoto ametoka na kidumu, alisema Severin taratibu.

— Ndiyo maana nikasema muiname.

Abuu akammiminia Salehe nusu kikombe.

Hapo Kondo akaegesha bodaboda yake, matope mekundu mpaka magotini. Kondo huitwa Injinia, kwa kuwa hueleza kila jambo la dunia kwa mabomba na nyaya. Alikuwa amelifuata bomba kubwa la maji tangu mjini mpaka pikipiki ikakataa mlima, akaendelea kwa miguu hadi kwa mlinzi wa chanzo cha maji. Mlinzi alikuwepo tangu usiku. Hakuona mtoto. Kondo alisema hayo akimtazama Severin usoni mara moja, kisha akageukia tairi lake na kulikwangua matope ambayo hayakuhitaji kukwanguliwa.

Wanaume wakiwa na hofu husema. Vinubhai, mwenye duka na mwenye baraza, akatoka nje na kiti chake cha plastiki, akasema kosa si la Mwalimu, kosa ni la homuweki yenyewe. Mjukuu wake Drashti aliambiwa na shule yake atengeneze mlima wa volkano. Mtoto alilala saa mbili. Mama yake ndiye aliyekesha na unga wa ngano, siki na rangi ya keki, na asubuhi volkano ikaandikiwa "vizuri sana".

— Nani aliyefaulu pale? aliuliza Vinubhai. Mkwe wangu. Siku hizi shule inasomesha wazazi. Mtoto ni tarishi tu, anapeleka na kurudisha.

Kondo alikuwa na lake. Yeye aliona ni mradi wa wenye mashine za fotokopi: kazi zote hutolewa Ijumaa, na Ijumaa jioni foleni yao ni ndefu kuliko ya mafuta. Salehe akakata rufaa papo hapo. Akasema jambo hili liko juu zaidi. Kuna wakubwa wanataka kujua chemchemi za Uluguru ziko wapi ili wakajenge hoteli, wanaona aibu kuuliza, basi wanapenyeza swali shuleni na kusubiri watoto walete ramani.

— Swali nimetunga mwenyewe, Mzee, alisema Severin. Kitandani kwangu.

— Ndivyo wanavyopenyeza.

Siku nyingine angecheka. Alikuwa mwalimu wa mwaka wa kwanza, na kazi ya nyumbani ndilo jambo lililokuwa likimnyima usingizi hata kabla ya leo. Muhula uliopita aliwapa watoto maswali thelathini ya hesabu, kama mwalimu mkuu anavyotaka. Darasa zima likaleta majibu yaleyale, na kwenye swali la tisa wote, wavulana kwa wasichana, walikuwa wameandika kwa mwandiko nadhifu: "angalia ukurasa wa nyuma". Alicheka siku ile mpaka machozi, halafu machozi yakabaki na kicheko kikaisha. Akaapa kutunga kazi isiyonakilika. Kazi yenye miguu, aliiita hivyo mwenyewe, ya kumtoa mtoto kitini akaulize, akatazame, akasikilize. Aliwazia mtoto akimwuliza bibi yake habari za kisima cha zamani. Aliwazia mwingine akifuata mpira wa maji mpaka kwa jirani. Hakuwazia mlima.

Sasa miguu ya kazi yake ilikuwa imeondoka na mtoto wa watu.

Wingu likashuka. Upepo wenye harufu ya udongo uliolowa ukapita barazani, na muuza miwani wa kando ya barabara akaanza kufunika bidhaa zake kwa nailoni. Huko juu mvua ilikuwa imekwisha anza, kila mtu aliliona hilo, na kila mtu alijua mito ya Uluguru inavyobadilika mvua inaponyesha juu. Salehe akatikisa kichwa, akasema kwa huzuni ya kweli:

— Maji yakimwagika hayazoleki.

Severin akasimama. Hakuwa na pa kwenda, alisimama tu. Vinubhai akamtazama Salehe, Kondo akamtazama Salehe, na Abuu akakichukua kile kikombe chenye nusu mkononi mwa mzee, akakisuuza ndooni. Salehe akainamia fimbo yake.

— Nilitaka kusema nyingine, alinong'ona.

Ndipo alipofika mama mmoja na tenga la magimbi lililobaki robo, akiwahi kusubiri gari la kumrudisha mlimani. Jina lake, alisema, Angelina. Aliomba kujikinga upepo barazani na akaomba kahawa, jambo ambalo wanawake hawalifanyi sana pale. Severin na Kondo wakamwamkia, akaitikia kwa lafudhi ile ya milimani inayovuta mwisho wa neno kama anayepanda kilima. Wakamsogezea nafasi. Akanywa, akasikiliza bomba, mlinzi, volkano, mpaka hoteli. Kisha akauliza:

— Huyo mtoto kwao wapi?

— Hapo nyuma ya magereji, Mama, alisema Kondo. Kwa shangazi yake.

— Hapo ndipo anapolala. Mimi nauliza kwao.

Salehe aliyejua ukoo wa kila mtu mtaani akapata nafasi ya kujikomboa. Baba wa mtoto, alisema, anafanya kazi kwenye miwa kule Turiani, lakini ni mtu wa Njombe, na shangazi naye ni mtu wa Njombe. Basi kwao ni Njombe.

Neno hilo likaanguka barazani kama kopo tupu. Kondo akatazama stendi. Mabasi ya Njombe yalikuwa yamepita tangu asubuhi, na mtoto mwenye daftari na kidumu anaweza kuingia na familia yoyote, konda asiulize. Kondo akavuka barabara mbio kwenda kwa wapiga debe.

Severin akaketi tena. "Nyumbani kwenu." Alipoandika maneno hayo aliiona nyumba: bati, mlango, bomba uani. Lakini yeye mwenyewe, siku ya kwanza alipoulizwa ofisini nyumbani kwenu wapi, alijibu Mahenge bila kufikiri. Hakutaja chumba chake cha kupanga cha Mafiga. Nani angekitaja? Mtu akisema anakwenda nyumbani Krismasi, nani humwuliza ni mtaa gani? Alikuwa ameandika swali moja ubaoni, na mtoto mmoja alikuwa amelisoma kwa usahihi kuliko yeye.

— Na mama yake? aliuliza Angelina.

Salehe alifumbua mdomo, ukoo ukamwishia.

— Maana kama mama ni Mluguru, alisema Angelina, mtoto ni wa kwa mama. Baba ni mgeni. Hata akizaa kumi, anazaa watoto wa wenzie.

Severin akampigia Magreth. Alimwuliza habari za mama wa Anastasia, naye akajibu kwa sauti iliyokauka. Wifi yake alifariki mtoto akiwa mdogo. Alikuwa mtu wa huko juu ya Luhungo, kijiji cha mwisho kabla ya msitu. Tangu msiba mtoto hakuwahi kupelekwa, safari zilikuwa zikiahirishwa tu. Lakini kule siyo kwao, alisema Magreth, kule ni kwa wajomba. Ndiyo maana hakufikiria hata kupiga.

Angelina aliisikia sauti ikitoka simuni.

— Kwa wajomba kwako wewe, alisema, kana kwamba Magreth alikuwa amekaa pale. Kwake ni kwao.

Magreth akatuma namba ya mjomba, Eustace. Severin akapiga. Namba haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Kondo akarudi kutoka stendi akitikisa kichwa, akaelezwa, akavaa koti la mvua bila kuuliza zaidi. Vinubhai akamletea tochi na mfuko wa mikate, asijue mwenyewe mikate ni ya nini. Matone ya kwanza yakagonga bati la baraza, moja, moja, halafu yakaacha kuhesabika. Severin akapanda nyuma ya pikipiki. Hakujua angemwambia nini Magreth, au baba kule kwenye miwa. Alijua tu kwamba neno "fuatilia" hatakaa aliandike tena ubaoni kwa mkono mwepesi.

Kondo alikuwa amekwisha washa injini simu ilipoita.

Ilikuwa namba ngeni. Sauti ya mwanamume, nyuma yake mvua nyingine, kubwa kuliko ya mjini. Alisema yeye ni Eustace, namba ya Mwalimu ameikuta kwenye daftari la mtoto, amepanda na simu ya jirani kwenye mwamba unaoshika mtandao, na anaomba radhi kwa kuchelewa. Mtoto alifika mchana, miguu imevimba, akiuliza njia kwa jina la marehemu mama yake. Amekula. Bibi yake hajamwachia mkono tangu alipomwona. Kesho asubuhi njia ikikauka atamshusha mwenyewe. Lakini mtoto anataka kuongea na Mwalimu, amekataa kulala mpaka aongee, ndiyo maana amepanda naye, wako chini ya mwavuli.

Severin alishuka kwenye pikipiki. Akaweka spika, kwa kuwa wote walikuwa wamemzunguka, hata Abuu na birika lake.

— Shikamoo, Mwalimu.

Alitaka kumgombeza. Alitaka kumwomba msamaha.

— Marahaba, Anastasia.

— Shangazi ana hasira?

— Ana hofu. Nitampigia sasa hivi. Umeumia?

— Hapana. Nimeona yanapoanzia, Mwalimu. Ni padogo, unaweza kuruka. Nimejaza kidumu. Bibi amenionyesha jiwe ambalo mama alikuwa anakaa akisubiri ndoo ijae. Ikasikika karatasi ikifunuliwa. Sasa kuna sehemu sijui niandikeje.

— Sema.

— Bibi anasema maji haya yanashuka mpaka bwawani, halafu ndiyo yanakuja huko Msamvu kwa shangazi. Sasa niandike yanatoka nyumbani, au niandike yanakwenda nyumbani?

Mvua ilipiga bati. Severin aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Injinia aliyejua mabomba yote akakagua kofia yake ya pikipiki. Vinubhai, aliyezaliwa Morogoro na baba yake akazaliwa Morogoro, na bado wateja humwuliza kwao wapi, aliitazama barabara. Angelina alitabasamu. Salehe akafikiri sana, akainua kidole, akakishusha.

— Mwalimu? ilisema sauti ya mtoto. Mtandao umekata?

— Haujakata, alisema Severin. Nipo. Nafikiri.