Waya Nne, Vidole Vitano: Kumuaga Leonidasi Nsengimana

Tarehe 30 Juni 2025 Bwana Leonidasi Nsengimana, dereva wa kitengo cha chanjo hapa Kibondo, anakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wakurugenzi saba, akawazoea wote, na hakumsikiliza hata mmoja lilipokuja suala la kupeleka gari gereji.

Kamati ya sherehe ilipomuuliza angependa zawadi gani, alisema hataki kitu. Anataka sentensi moja tu kwenye cheti: kwamba hajawahi kukwamishwa na plagi ya injini. Mkurugenzi wetu, Bwana Mansuri, alikubali, cheti kikachapwa na kuwekewa fremu. Mimi nikapewa kazi ya kuandika wasifu huu na kuhakikisha kwamba sentensi hiyo ni ya kweli. Wangejua, wangempa mtu mwingine.

Leonidasi alizaliwa Kasulu, akajifunza udereva kwenye lori la mahindi, akaajiriwa kwetu mwaka 1994. Suzuki yetu nyeupe ya petroli ilipofika, aliiposa siku hiyohiyo. Fundi mmoja wa mjini aliigusa mara moja tu, akakaza plagi kwa nguvu za kukamulia mawese, na tangu hapo plagi zote zilibadilishwa nyumbani kwa Leonidasi. Kila mara ilikuwa Jumamosi asubuhi, injini imepoa, mkeka umetandikwa, na ole wake atakayeukanyaga.

Sisi tuliowahi kualikwa kutazama tunaijua ibada hiyo. Kwanza anapuliza vumbi lisije likadondokea ndani ya injini. Kisha anachomoa waya moja, anatoa plagi moja, anaweka mpya, anarudisha waya, ndipo anagusa ya pili. Plagi mpya haanzi kuikaza kwa spana. Anaivalisha kipande cha mpira wa bomba na kuizungusha taratibu kwa vidole mpaka ikae yenyewe. "Moja moja, jamani," alikuwa akituambia, "hakuna anayewakimbiza." Tulipiga miayo, lakini gari liliwaka.

Plagi za zamani hazikutupwa kabla ya kusomwa. Mwaka 2016, wakati wa pilikapilika za kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, alitoa nne nyeusi tii kwa masizi, akazipeleka mezani kwa mhasibu wetu, Saady. "Wewe unawasha gari limesimama ili uchaji simu," alimwambia mbele ya wageni. Saady alikana kwa dakika mbili hivi, kisha akaomba radhi.

Sasa ile sentensi ya cheti. Wiki iliyopita nilikwenda kwa mke wake, Kezia, ambaye sote tunamwita mama Kezia kwa heshima, kuomba picha ya ujana wa mumewe. Alinipa picha, akanipa karanga, halafu akanipa habari za Jumamosi moja ya Machi 2019.

Siku ile naikumbuka vizuri, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa ofisini nimekumbatia kasha la baridi lenye chanjo za Mabamba. Barafu haingoji mtu, na akina mama wa Mabamba walikwisha kufika kituoni na watoto mgongoni. Leonidasi alikuwa amechelewa. Kwa haraka yake akavunja amri yake mwenyewe: akachomoa waya zote nne kwa mpigo, hata kwenye distributa, kile kikofia kinachogawa moto, ili azifute tope. Alizibana katikati ya vidole vya mkono wa kushoto, moja kila nafasi, kwa mpangilio. Mkono ule ndio uliokuwa daftari lake.

Hapo ndipo mama mkwe wake alipoingia uani kutoka Kasulu, na gunia la maharage.

Mtu mwingine ungempa kiwiko, ukasingizia grisi. Mama mkwe hapewi kiwiko. Leonidasi aliweka waya chini, akajipangusa, akapiga makofi kwa heshima na kutoa mikono yote miwili. "Mwakeye, mama," akamwamkia kwa Kiha. Mama akaitikia, akauliza watoto, ng'ombe, mvua, jirani mgonjwa na jirani mzima. Salamu zilipokwisha, waya nne zilikuwa zimelala mkekani, zote zinafanana.

Akazirudisha kwa kubahatisha. Gari lilipiga mshindo kwenye ekzosi, kuku akaruka na kuacha mayai. Akabadilisha, mshindo wa pili. Mama mkwe alikwisha kuketi kwenye kiti akitazama, akauliza kwa upole kama hii ndiyo kazi inayomlisha binti yake. Nilipopiga simu, Leonidasi alinijibu, "Injini inapumzika kidogo, Divine." Nilimwamini, mjinga mimi.

Mama Kezia aliacha kuchambua maharage. "Baba Niyonkuru," alimwambia mumewe, "zamu ya plagi kupata moto si moja, tatu, nne, mbili? Unaiimba kila Jumamosi tangu unioe." Akainama, akaonyesha kwenye kikofia tone jekundu la rangi ya kucha, rangi yake mwenyewe iliyowahi kutoweka kabatini, ambalo mumewe alilitia zamani kuonyesha pa kuanzia. Akapachika waya zote nne kwa mikono yenye vumbi la maharage. Gari likawaka mara moja. Tulifika Mabamba barafu ikiwa bado ngumu.

Alimwomba mkewe asimwambie mtu yeyote. Mama Kezia ametunza siri miaka sita, na amenipa, anasema, kwa sababu mumewe akistaafu hatakuwa na bosi wa kuogopa isipokuwa yeye.

Habari hiyo niliipeleka kamatini. Ninampenda mzee huyu, na sikutaka kumpokonya kitu pekee alichokiomba. Bwana Mansuri alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaagiza cheti kichapwe upya. Sentensi imebaki ileile. Ila sasa inawahusu watu wawili, Leonidasi na Kezia Nsengimana, na wote wawili wataitwa mbele kukipokea.

Mzee wetu, usininunie. Asante kwa kila safari uliyoturudisha nyumbani. Kitengo kizima kinawaombea afya, mvua ya kutosha na uzee wa kucheka. Na mama mkwe akija tena, msalimie kwa mikono yote miwili bila wasiwasi. Waya mpe Kezia akushikie.

Divine Ndayikeza, kitengo cha chanjo